Mwalimu, Umependelea!

 Wahitimu, mmemaliza mafunzo ya ualimu, sasa mnakwenda kuhukumiwa na watoto.

Pita sokoni kwetu Mbugangari sambaza, samaki wetu wadogo, zinapoletwa. Mchuuzi akisema zimevuliwa leo, mtoto wa miaka minne anaamini. Dada yake wa miaka minane anainama, ananusa kwanza. Keshajua muuzaji ana lake. Mwaka 2005 watafiti wawili wa Marekani, Candice Mills na Frank Keil, walikuta hayohayo: wa chekechea humwamini hata anayejisifia, ila kuanzia miaka saba hivi mtoto hulitilia shaka neno linalomnufaisha msemaji. Lakini kwake anayejipendelea ni mwongo, basi. Kwamba mtu huweza kupendelea bila kujijua, hilo lilianza kueleweka kwa wa darasa la sita. Wakubwa wengine, tuambiane kweli, hatujafika darasa hilo.

Kwa hiyo siku mtoto atakapokwambia, "Mwalimu, umependelea!", atakuwa anakuita mwongo, nawe utapandwa na hasira. Zimeze. Weka daftari lake na la mwenzake mezani, mhesabu alama pamoja.

Nchi yetu, Rwanda, inajua gharama ya kutokagua upendeleo. Waliosoma kabla ya 1994 wanakumbuka kusimamishwa darasani: Wahutu hapa, Watutsi pale. Mwalimu huenda alijiona anajaza fomu tu. Kisha sera ya iringaniza ikagawa nafasi za sekondari kwa kabila na kwa mkoa, na mtoto mwenye alama nzuri akabaki nyumbani, akidhani hana akili. Hakuna aliyemwambia mizani ndiyo iliyopinda.

Usiku wa tarehe 18 Machi 1997, washambuliaji waliingia sekondari ya Nyange wakawaamuru wanafunzi wajitenge hivyohivyo, Wahutu na Watutsi. Vijana hao walikuwa wamekulia zama za kusimamishwa. Wakakataa, wakajibu kwamba wote ni Wanyarwanda. Baadhi yao waliuawa.

Ninyi sitawaomba makubwa. Mkisahihisha, kunjeni sehemu yenye jina. Mwanao akiwa darasani kwako, karatasi yake mpe mwenzako. Na wazazi, mtoto akiuliza kwa nini fulani kapewa na yeye kanyimwa, msimnyamazishe kwa kisingizio cha adabu.

Haya, njooni mchukue vyeti. Tutaita majina kwa alfabeti, na akina Uwimana wameshaanza kunung'unika.