Pampu ya Kisima na Mabomba Yake: Mazungumzo kwa Wakaaji wa Mitaa ya Mashariki ya Nairobi



Hakuna mkaaji wa Kayole, Umoja, Dandora wala Embakasi asiyejua mfereji mkavu. Maji ya jiji hutoka mbali, katika mabwawa kama Ruiru, Sasumua na Ndakaini, na ukame wa mwaka 2017 ulilazimisha yagawiwe kwa zamu, mtaa huu leo, mtaa ule kesho. Tena mabomba mengi yalilazwa kwa hesabu ya watu wachache. Umoja ilipojengwa katika miaka ya 1970 zilikusudiwa nyumba fupi za jamaa moja moja; baadaye mahali pengi pamesimama maghorofa ya wapangaji.

Ndiyo sababu wenye nyumba wengi wamechimbisha visima virefu vya mashine. Jambo hilo si baya. Lakini kuchimba hwisha kwa siku chache, na pampu na mabomba ndiyo yatakayokaa na watu miaka mingi. Pampu haichagui: huvuta chochote kilicho mbele ya mdomo wake. Basi kazi yote ya fundi ni kuhakikisha kwamba kilicho hapo ni maji ya kisima peke yake, na kwamba maji hayo yakishapanda hayachanganyiki na mengine.

Kabla ya yote hapana budi kupata ruhusa. Nchi ya Nairobi ilitangazwa mwaka 1953 kuwa eneo la kuhifadhi maji ya chini ya ardhi, na kwa Sheria ya Maji ya mwaka 2016 kibali hutolewa na Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Maji hayo ni sinia moja la wali; anayekula kwa mikono miwili huwapunguzia wenzake.

Sasa pampu yenyewe. Watu husema pampu ya juu ya ardhi huvuta maji, lakini kwa kweli maji husukumwa na uzito wa hewa. Ufukoni mwa bahari hewa yaweza kuyainua kiasi cha mita 10. Nairobi iko karibu mita 1,660 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi zaidi. Huko haifiki mita 9, na katika kazi ya kila siku mita 6 ni nyingi. Kwa hiyo pampu iliyomfaa mtu kwenye kisima kifupi cha Malindi yaweza kumwaibisha Kayole, na katika kisima kinachopita mita 100 haina kazi kabisa. Hapo hutumika pampu ya kuzamishwa, ambayo huyasukuma maji kutoka chini.

Pampu ya namna hiyo isinunuliwe kabla kisima hakijajaribiwa. Maji hushuka pampu inapofanya kazi, na fundi mwaminifu huyatoa mchana na usiku, akipima yameshuka hadi wapi na yamerudi kwa muda gani. Kipimo hicho ndicho kinachoamua ukubwa wa pampu na mahali pa kuining'iniza: chini ya kiwango ambacho maji hushukia, lakini mbali na matope ya sakafu. Anayenunua pampu kubwa kwa kujionyesha hukausha kisima na kuunguza mota. Iwekwe swichi ya kuizima maji yanapopungua, na vali ya kuzuia maji kurudi. Isining'inizwe kwa waya wa umeme hata kidogo. Mdomo wa kisima nao upande juu ya ardhi, ufunikwe, uzungukwe na sakafu ya saruji, maji ya mvua yasiingie.

Kutoka kisimani bomba hupita ardhini, na udongo wa mitaa hii ni mgeni mkorofi. Ni ule mweusi unaonata, unaovimba wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Bomba gumu likilazwa ndani yake bila matayarisho huvunjika kwenye viungo. Mtaro uchimbwe, umwagwe mchanga chini na juu ya bomba, na bomba la plastiki linalopindika lafaa kuliko la chuma.

Hatari kubwa kuliko zote iko kwenye viungo vya nyumbani. Wengine huunga bomba la kisima na bomba la jiji pamoja, wakitia koki moja katikati, wakidhani itatosha kuyatenga. Koki huchakaa, tena huachwa wazi na mtoto au na mpangaji mpya. Siku isiyo ya zamu bomba la jiji halina nguvu, na pampu ikiwashwa, maji ya kisima yasiyopimwa huingia humo na kufika nyumba ya jirani. Kubaya zaidi ni kuifunga pampu moja kwa moja juu ya bomba la jiji ili kunyonya kilichobaki. Bomba likinyonywa hivyo huvuta kwa kila ufa, na penye vichochoro ambamo bomba la maji machafu hupita ubavuni mwake, kila mtu anajua kinachovutwa. Kipindupindu kilizuka Nairobi mwaka 2017, nacho ni miongoni mwa magonjwa yanayosafiri kwa njia hiyo.

Dawa yake ni rahisi na haina gharama kubwa. Maji ya jiji yaingie kwenye tangi lake, na mdomo wa bomba ukae juu ya maji kwa upana wa kiganja, hata tangi likijaa pomoni. Maji machafu hayawezi kuruka hewa na kurudi nyuma. Ya kisima yawe na tangi na bomba lake mbali. Kuhusu tangi la juu, ikumbukwe kwamba lita 5,000 ni tani 5; fundi wa majengo aulizwe kwanza kama dari itaubeba uzito huo.

Maji yapimwe kabla hayajanywewa. Visima virefu vya Nairobi aghalabu vina floridi nyingi, na ikizidi miligramu 1.5 katika lita moja huharibu meno ya watoto yakawa ya kahawia. Kuyachemsha hakuiondoi, maji hupungua, nayo hubaki. Maji ya namna hiyo yafaa kufulia na kuoshea, na ya kunywa yatafutwe kwingine.

Kazi ikikwisha, kisima, mabomba na tangi vitiwe klorini na kuachwa usiku kucha. Asubuhi mifereji yote ifunguliwe hadi harufu iishe. Maji hayo ya kwanza yaoshee vyoo na vichochoro, yasimwagiwe sukuma wiki.