Hotuba ya Wanakikundi Siku ya Kutimiza Miaka Kumi


Tulipoanza, kikao kilifunguliwa kwa sala ndefu, halafu mahubiri, ndipo sanduku. Tulidhani huko ndiko kushuhudia. Mwenzetu mmoja, Mwislamu, alikaa kimya mpaka tumalize. Akaja kuchelewesha rejesho wiki tatu. Tukamtoza faini, tena tukamwombea kwa sauti mbele za watu. Basi, hakurudi. Leo tunasema wazi: tulimkosea.

Baadaye tukasikia mtoto wake amelazwa. Hatukwenda na mahubiri. Tulikwenda na uji kwenye chupa ya chai, tukapokezana zamu wodini, tukamfulia na nguo. Dawa zililipwa na mfuko wa jamii. Na kucheka tulicheka jamani, mpaka nesi akatutoa nje! Hapo hapo tukamwomba radhi, na faini yake tukamrudishia.

Dorkasi wa Yafa, katika Matendo ya Mitume sura ya 9, hatusomi popote kwamba alihubiri. Alipokufa, wajane walimwonyesha Petro nguo alizowashonea, huku wanalia.

Mwenzetu alirudi. Bado ni Mwislamu. Idi tunakula pilau kwake, Krismasi anakuja kwetu. Mwaka jana alituuliza, "Hivi nyie, furaha hii mnaitoa wapi?" Tukamweleza habari za Yesu, kwa ufupi tu, chai isije ikapoa. Sanduku letu lina funguo tatu. Mmoja anao yeye.