Kausha damu wanatufundisha kile ambacho shule haikutufundisha

(Haya ni mazungumzo yaliyoandaliwa kwa vijana wa wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara. Tunayachapa yote, maana na wewe kijana wa mjini yanakuhusu.)



Naomba tuanze na ng'ombe. Kwa Wairaqw wa Mbulu, tangu enzi za mababu, mwenye mifugo mingi humkabidhi jirani asiye na kitu ng'ombe wa kutunza. Mtunzaji anapata maziwa na samadi ya shamba lake. Ng'ombe anabaki mali ya mwenyewe. Mzee ambaye hajakanyaga darasani aliyajua masharti hayo yote kichwani.

Sasa nikuulize wewe uliyefika kidato cha nne. Ukiletewa karatasi ya mkopo leo, unaweza kuniambia utarudisha jumla ya shilingi ngapi? Tusidanganyane. Wengi wetu tunatafuta mahali pa kuweka sahihi tu, au tunabonyeza simu kukubali, basi.

Matokeo yake ndiyo hawa kausha damu. Jina hilo halikutungwa na profesa. Limetungwa na walalahoi waliokaushwa. Hebu tupige hesabu. Tuseme umekopa sh. 200,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi. Riba peke yake ni sh. 40,000 kila mwezi. Ukilipa riba tu kwa miezi mitano umeshatoa sh. 200,000, na deni bado limesimama pale pale kama Mlima Hanang!

Benki Kuu iliweka ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa taasisi ndogo za mikopo zisizopokea amana. Kwa mkopo huo huo, hiyo ni sh. 7,000. Je, nani alikwambia? Novemba 2024 Benki hiyo hiyo ilitangaza orodha ya programu 69 za simu zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Vizuri, lakini wangapi walikuwa wameshakamuliwa?

Na kabla ya hao tulikuwa na DECI, watu wakiambiwa wapande fedha wavune fedha. Mchezo uliishia 2009, na 2013 viongozi wake wakatiwa hatiani kwa kuendesha upatu haramu. Swali moja tu la mtoto wa kidato cha pili lingetosha: fedha ya kunilipa mimi inatoka kwenye biashara gani?

Tuje shambani. Sheria ya vipimo inasema gunia la mazao lisizidi kilo 100. Mlanguzi anakuja na lumbesa. Akijaza kilo 130, kwenye kila magunia kumi umempa kilo 300 za bure, yaani magunia matatu ya jasho la mama yako. Mtoto aliyefundishwa kusimama mbele ya mizani na kalamu angeliona hilo.

Wapo wanaouliza: mtoto wa maskini atafundishwaje kutunza fedha ambayo hana? Najibu: mwenye nacho akikosea hesabu anapoteza faida, asiye nacho akikosea anapoteza kitanda. Lakini pia sikubali ile hadithi ya wakubwa kwamba umaskini wetu ni ujinga wetu. Wabarabaig wa Hanang walipopoteza malisho yao kwa mashamba ya ngano ya NAFCO, hawakuyapoteza kwa kukosa daftari la matumizi. Hesabu haziondoi dhuluma. Zinakuwezesha kuiona na kuitaja kwa tarakimu, na hapo ndipo watawala wanapopata homa.

Watatwambia mtaala mpya una somo la biashara. Kweli limo, nasi hatupingi kila kitu. Hata hesabu za riba zimo kwenye vitabu tangu zamani, lakini zinafundishwa kwa ajili ya mtihani wa NECTA, kisha zinasahauliwa. Tunachodai ni kwamba darasani iletwe karatasi halisi ya mkopo, iletwe mizani, kila mwanafunzi awe na daftari la mapato na matumizi, hata kama mapato yake ni kuku mmoja.

Kwani fedha za umma zetu zipo. Kisheria halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa vijana, 4 kwa wanawake, 2 kwa wenye ulemavu. Mwaka 2023 mikopo hiyo ilisimamishwa, baada ya kuonekana vikundi hewa na mabilioni yasiyorejeshwa. Iliporudishwa 2024, Mji wa Mbulu ulikuwa kati ya halmashauri 10 za kujaribu kuipitisha benki. Ndugu zangu, kikundi hewa hakijiandikishi chenyewe! Lakini kikundi cha vijana chenye daftari safi hakihitaji kigogo wa kukishika mkono, na kinaweza kumuuliza diwani: asilimia 4 yetu mwaka huu ni shilingi ngapi, na amepewa nani?

Kwa hiyo wewe unayesoma hapa, uwe Arusha au Dar es Salaam, mpigie simu mdogo wako aliyeko Katesh au Dongobesh. Mwambie kabla ya kuweka sahihi popote aulize matatu: nitarudisha jumla ngapi? Kwa muda gani? Nikishindwa, mtachukua nini? Asipojibiwa kwa Kiswahili kinachoeleweka, aondoke.