Kujifunza Kutia Rangi Vitambaa vya Hariri
Hotuba iliyosomwa katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Moiben



Twashukuru kupewa nafasi ya kusema juu ya darasa letu la kutia rangi vitambaa vya hariri, ambalo hukutana katika chumba cha Chama kila Jumamosi alasiri. Twajua ya kuwa wako wanachama wanaouliza: Watu wa nchi ya ngano na mahindi wana haja gani na hariri? Na ikiwa darasa haliuzi kitu, kwa nini litumie chumba cha wote? Maswali hayo ni ya haki, nasi twataka kuyajibu waziwazi.

Kwanza yafaa tueleze kazi yenyewe. Hariri ni uzi wa kiwavi alaye majani ya mforosadi. Kifukofuko chake kimoja, kidogo kuliko yai la njiwa, chaweza kutoa uzi wa mita 900 au zaidi. Wachina waliijua kazi hiyo tangu maelfu ya miaka, na watu wa pwani yetu wamevaa hariri ya ng'ambo tangu zamani. Wala si jambo geni kwa wakulima wa Kenya, kwa maana kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, kimewafundisha wakulima kufuga viwavi hao.

Sisi hatufugi viwavi. Twanunua kitambaa cheupe. Hicho huwambwa juu ya fremu ya mbao kwa pini, kikazwe pande zote kama ngozi ya ngoma. Kisha mchoro huandikwa kwa utomvu mzito ambao rangi haiwezi kuupita. Hapo ndipo mwanafunzi hujaribiwa, kwa sababu mistari yote lazima ikutane. Pakiwa na pengo dogo tu, rangi hutoroka kama ng'ombe waliokuta lango wazi kando ya shamba la mahindi. Utomvu ukikauka, brashi hugusa katikati ya ua au jani, na rangi yenyewe hutembea mpaka mpakani. Kabla haijakauka twaweza kunyunyiza chumvi ya mawe. Kila chembe huvuta maji pamoja na rangi, na mahali pake pakabaki alama kama nyota.

Rangi zetu hushikishwa kwa mvuke. Kitambaa kikavu hukunjwa ndani ya karatasi safi, kikawekwa juu ya maji yachemkayo katika sufuria iliyofunikwa, bila tone moja kukigusa. Baadaye hufuliwa kwa maji baridi. Sufuria hiyo hairudi tena jikoni kwa chakula, na jambo hilo twalifundisha siku ya kwanza. Hali ya nchi nayo ina sauti yake: baridi ya Julai hukawiza rangi kukauka, na vumbi la Januari, upepo uvumapo juu ya mashamba yaliyovunwa, hushika kitambaa kibichi madirisha yasipofungwa.

Sasa twaja kwenye swali la fedha. Wamesema wengine kwamba kila kitambaa kiuzwe, au darasa lifungwe. Hoja hiyo si nyepesi, kwa kuwa karo za shule na bei ya mbolea zamlemea kila mmoja wetu. Lakini tutazame mji wetu wa Eldoret. Kiwanda cha Rivatex kilijengwa huko katika miaka ya 1970, kikanunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007, na kufunguliwa upya mwaka 2019. Mashine za kiwanda hutoa nguo nyingi zenye sura moja. Mtu aliye na brashi na fremu moja hawezi kushindana nazo, na akilazimishwa atafanya haraka, naye atapoteza hata ile furaha iliyomleta.

Wazee wetu, mwakumbuka sotet, kibuyu cha mursik. Mama zetu walikisafisha kwa mkaa wa senetwet ili maziwa yakae vema. Kazi hiyo ilikuwa na faida ya tumbo. Lakini shanga na kauri walizokipamba nazo hazikuyahifadhi maziwa hata siku moja. Walizishona jioni, baada ya kazi, kwa sababu jicho nalo lina njaa yake. Hakuna mzee aliyewauliza shanga hizo zitauzwa bei gani. Nasi twaomba tupimwe kwa kipimo hicho hicho.

Liko na jambo jingine. Hariri huteleza, na mtu mmoja hawezi kuiwamba vema. Lazima mwenzake ashike upande wa pili na kuvuta kwa nguvu iliyo sawa na yake. Uasin Gishu yetu iliumia sana mwishoni mwa mwaka 2007 na mwanzoni mwa mwaka 2008, na wako majirani ambao tangu siku zile husalimiana njiani tu. Katika chumba hiki baadhi yao hushika fremu moja. Hatusemi kwamba kitambaa kimeponya jeraha lile. Twasema tu kwamba kila Jumamosi wana sababu ya kukaa pamoja kwa saa tatu, na sababu za namna hiyo si nyingi kijijini.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, twaleta maombi mawili. La kwanza, tuachiwe chumba kwa mwaka mmoja zaidi. Hariri na rangi tutaendelea kuzinunua kwa michango yetu wenyewe, tusiiguse hazina ya Chama. La pili, atakayependa kuuza kitambaa chake na auze kwa hiari, na atakayependa kumfunga mama yake kichwani asihesabiwe kuwa mvivu.

Vitambaa vya mwaka huu vimetundikwa ukutani nyuma yenu. Twawakaribisha mvitazame kabla ya kupiga kura, na tutaipokea kwa heshima hukumu yenu yoyote.