Kijana wa Uinjinia Mbele ya Meza ya Waajiri

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa tawi, mbele ya wanachama na watoto wao walio vyuoni)

Ndugu wanachama, na ninyi vijana wetu mnaosomea uinjinia,

Wengi wetu hapa tuliishia shule ya msingi ya misheni, kisha tukafunzwa na chuma chenyewe. Hatukuja kuwafundisha hesabu. Lakini mwaka wenu wa mwisho makampuni yatakuja chuoni kuchagua watu, na siku moja yaweza kuamua jasho la wazazi la miaka mitano. Basi sikilizeni maneno ya watu wa karakana.

Kwanza, mtihani wa kuandika. Makampuni mengi huanza nao ili kupunguza watu. Rudieni misingi ya miaka ya kwanza: nguvu, joto, umeme. Fanyeni hesabu huku saa iko mezani.

Pili, mahojiano. Hapa ndipo wengi huanguka. Mwajiri akisoma kwamba ulijifunza kazi katika karakana miezi mitatu, atauliza ulifanya nini kwa mikono yako. Ukijibu, "Tulitengeneza breki," hajapata kitu. Eleza kwamba breki ya hewa ya gari moshi hulegea bomba refu linapojaa hewa, na hufunga presha ya bomba inaposhuka. Kwa nini iliundwa hivyo? Kwa sababu mabehewa yakikatika njiani, bomba hukatika nalo, hewa hutoka, na pande zote mbili husimama zenyewe. Kisha sema wewe ulifungua kifaa gani, ulikuta kosa gani, na ulipimaje ukajua limekwisha.

Kila kazi unayoiandika katika karatasi yako, jiulize "kwa nini" mara tatu. Ukikwama, nenda kwa fundi kabla hujaenda kwa mwajiri. Usilolijua, sema hulijui, kisha eleza ungelitafuta namna gani. Mwongo hujulikana kwa swali la pili.

Tatu, ijue kazi unayoiomba. Anayetaka reli na ajue kwamba njia ya zamani ina upana wa milimita 1000, na ile mpya ya Mombasa hadi Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2017, ina milimita 1435. Gari la njia moja halipiti juu ya nyingine, kwa hiyo mzigo ni lazima uhamishwe. Fikiri maana yake kwa gharama na kwa wakati.

Nne, jueni haki zenu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yataka kazi ya miezi 3 au zaidi iwe na mkataba wa maandishi. Muda wa majaribio usizidi miezi 6. Ukikubali uongezwe, jumla isipite miezi 12. Na Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 humpa kila mfanya kazi haki ya kuingia chama. Injinia naye ni mfanya kazi. Soma kabla ya kutia sahihi.

Nanyi wazazi, msitafute mtu wa kumpa chai. Fedha hiyo hupotea, na kijana huanza kazi akiwa na deni la aibu.

Vijana, njoni kwetu kabla ya siku hiyo. Mafundi wa tawi watakaa upande wa pili wa meza na kuwauliza bila huruma. Afadhali mtoke jasho mbele yetu kuliko mbele ya mwajiri.