Barafu ni Dawa, na Dawa Ina Kipimo

Hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwenye semina ya kamati za sharika



Napenda tuzungumze juu ya jambo linaloonekana dogo: barafu tunayoweka kwenye viungo vilivyoteguka au kuvimba.

Nianze na kosa letu wenyewe. Mama mmoja mzee mwenye kisukari aliteguka kifundo cha mguu. Wahudumu wetu walimfunga pakiti ya jeli iliyotoka moja kwa moja kwenye friza, bila kitambaa, wakaendelea na wagonjwa wengine. Baada ya nusu saa mama alikuwa ametulia tu. Tukamsifu kwa uvumilivu. Kesho yake ngozi ilitoka malengelenge, na kidonda kilichukua wiki nyingi kupona. Ndugu zangu, mama yule hakuwa anavumilia. Mguu wake ulikuwa umepoteza hisia.

Barafu inayoyeyuka hubaki kwenye nyuzi sifuri, lakini pakiti ya jeli hutoka kwenye friza ikiwa chini ya sifuri. Ikigusa ngozi kwa muda mrefu, mishipa ya damu husinyaa na ngozi huungua, kama vile imeunguzwa na moto. Mwenye hisia kamili atalalamika. Mwenye kisukari, ukoma au kiharusi huenda asihisi lolote.

Wapo pia wenye mzio wa baridi: ngozi ikianza kupata joto tena huvimba mabonge yanayowasha, na wachache huishiwa nguvu na kuzirai. Wapo ambao vidole vyao hugeuka vyeupe kwa baridi kidogo tu. Na kwa mgonjwa wa selimundu, baridi inaweza kuamsha maumivu makali. Hao wote wasiwekewe barafu.

Kwa hiyo, kabla ya kuweka barafu tuulize maswali matatu. Je, una kisukari, selimundu au ganzi popote? Je, baridi imewahi kukutoa vipele au kukubadilisha rangi ya vidole? Je, unahisi ninapokugusa hapa? Kisha tufunge barafu kwa kitambaa chenye unyevu, isizidi dakika 15, na tufunue kutazama ngozi kila baada ya dakika 5. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kwa urahisi. Tutafute weupe, ugumu, uvimbe au malengelenge.

Ngozi ikiungua, ondoa barafu mara moja. Usisugue wala usimsogeze mgonjwa kwenye moto. Tumia maji ya vuguvugu, yapimwe na mkono wa mtu mwingine, si wa mgonjwa asiye na hisia. Malengelenge yasipasuliwe, mgonjwa apelekwe hospitali.

Wafadhili wetu, mlitusaidia kupata friza, nasi tunashukuru. Sasa tunaomba vitu vya bei ndogo zaidi: taulo, saa ya ukutani, na siku mbili za mafunzo kwa wahudumu. Nanyi wanakamati, mkitembelea kituo, msihesabu wagonjwa tu. Tazameni kama saa ipo, na kama kuna anayeiangalia.