Malipo Halali: Ahadi Inapogeuka Mkataba

(Maneno yaliyotolewa kwa kamati za parokia, Ntalikwa)



Tunapotembelea parokia tunaulizwa mara kwa mara: ni ahadi gani inayomfunga mtu kisheria? Jibu limo katika Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, iliyoanza kutumika mwaka 1961. Makubaliano huwa mkataba yakifanywa kwa hiari, na watu wenye uwezo kisheria, kwa lengo halali na kwa malipo halali. Leo tuliangalie hilo la mwisho.

Malipo halali si fedha tu. Ni kile ambacho upande mmoja unatoa, unafanya, unaacha kufanya au unaahidi, ili upande wa pili nao utoe chake. Hapa Tabora jambo hili si geni. Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo kwa ujira wa vitambaa na posho ya njiani. Huyu alitoa mabega, yule alitoa kitambaa.

Sasa tutazame harambee. Mtu akisimama akaahidi mifuko 20 ya saruji bila kuahidiwa chochote, hiyo ni zawadi. Kwa kawaida mahakama haitamlazimisha, kwa sababu kifungu cha 25 kinabatilisha makubaliano yasiyo na malipo, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa humo. Lakini kamati ikikubaliana na fundi achimbe kisima kwa ujira, imejifunga. Fundi akimaliza kazi atadai haki yake, hata kama walioahidi hawajaleta kitu. Hapo ndipo penye hatari.

Kuhusu bei, sheria haidai thamani iwe sawa pande zote. Mkulima akiuza mahindi yangali shambani kwa bei ya chini, bei hiyo peke yake haivunji mkataba. Ila mahakama inaweza kuitazama inapopima kama alikubali kwa hiari.

Kwa hiyo, ndugu wajumbe, kabla ya kutia sahihi hesabuni fedha zilizopo, si ahadi. Andikeni kila upande unatoa nini, na lini.

Nanyi ndugu wafadhili, wahenga walisema ahadi ni deni. Mahakamani si kila ahadi ni deni. Lakini kisima kikiishia nusu, wanaokosa maji ni akina mama na watoto.